Nondo Zikae Juu au Chini?

Mtihani wa mekanika ya miundo wa mwaka wa pili nilipata alama ambayo mpaka leo naitaja nikipewa nafasi. Mchoro wa momenti, yaani wa jinsi mzigo unavyoipinda boriti, niliuchora kwa penseli iliyochongwa vizuri, mkunjo umetulia, kilele chake nimekiandika pembeni mpaka desimali ya pili. Wiki chache baadaye nilikuwa PT, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye saiti ya nyumba ya ghorofa moja huko Mbezi, Dar es Salaam, na fundi wa nondo akaniuliza swali ambalo halihitaji hata kalamu.

"Injinia, hizi za balkoni zikae juu au chini?"

(Sisi tuliokulia Unguja tunaiita roshani, lakini saitini ukisema roshani watu wanakutazama tu.)

Nikajibu chini. Tena nilijibu haraka, kwa sauti ya mtu aliyefaulu. Darasani karibu kila boriti tuliyoichora ilikuwa imelala juu ya maegemeo mawili, mzigo unaikandamiza kutoka juu, na nondo kuu ziko chini. Kichwani mwangu "nondo kuu" na "chini" vilikuwa vimeshaoana. Hata sikuitazama ile balkoni. Ilikuwa imetoka nje ya ukuta mita 1.2, haina nguzo mbele, haina kitu chochote chini yake zaidi ya mirunda ambayo ingeondolewa baada ya wiki chache.

Fundi, mtu wa makamo wa kutoka Tanga, hakunicheka. Alimwendea kijana aliyekuwa anapiga plasta upande wa pili, akamwazima sponji yake, ile ya kusawazishia ukuta, nene kama boflo. Akaikamua maji. Akatoa wembe mfukoni, akaichana kidogo katikati upande wa juu, akaigeuza, akaichana kidogo upande wa chini, mkabala na pale pa kwanza. Kisha akailaza ukingoni mwa rundo la tofali, nusu ndani nusu nje, akaikandamiza nusu ya ndani kwa tofali moja, halafu kwa kidole akashusha ncha iliyokuwa inaning'inia. Mchano wa juu ukaachama kama mdomo wa samaki. Wa chini ukafumba kabisa, hata usingejua kwamba wembe umepita pale.

"Umeona panapochanika?"

"Juu."

"Nondo ni uzi, mdogo wangu. Sasa uzi unashona wapi?"

Kisha akaiweka sponji juu ya tofali mbili, kila ncha juu ya tofali lake, akabonyeza katikati. Mchano wa chini ndio ukaachama safari hii. Hiyo ndiyo boriti yangu ya darasani. Akamrudishia kijana sponji yake, kijana akanung'unika kwamba imeharibiwa, na kazi ikaendelea. Somo lote halikufika dakika tatu.

Nimeandika haya kwa sababu kila mwaka napokea wanafunzi wa PT, na kila mwaka naona wanafika na ugonjwa ule ule niliokuwa nao mimi. Wanajua wL²/8, momenti ya katikati ya boriti yenye maegemeo mawili (w ni mzigo kwa kila mita, L ni urefu). Wanajua wL²/2, momenti ya ukutani kwa kitu kinachoning'inia kama balkoni. Ukiwapa karatasi watapata jibu sahihi. Lakini ukiwauliza ni upande gani wa kitu hiki unaovutwa na upande gani unaogandamizwa, macho yanakwenda dirishani. Naona tunawafundisha hesabu kabla ya kuwafundisha macho, na hesabu bila macho ni hatari zaidi saitini kuliko kutojua kabisa, maana asiyejua huuliza.

Turudi kwenye sponji. Kitu kikipindwa, upande mmoja hurefuka na mwingine hufupika. Kati ya pande hizo mbili pana tabaka ambalo halirefuki wala halifupiki, na kadiri unavyokwenda mbali na tabaka hilo ndivyo mvuto au mgandamizo unavyozidi, mpaka ukomo wake kwenye uso wa juu na uso wa chini. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alishaandika mwaka 1678 kwamba kitu hurefuka kwa kadiri kinavyovutwa. Ukiunganisha maneno hayo na ile picha ya tabaka la katikati, unayo karibu nadharia nzima ya boriti. Kinachobaki ni kujumlisha.

Zege nalo lina tabia moja ambayo ndiyo chanzo cha kazi ya wasuka nondo wote duniani: hugandamizwa vizuri sana, huvutwa vibaya sana. Zege linalovumilia newton 25 kwa kila milimita ya mraba likigandamizwa, likivutwa hupasuka kwenye newton mbili, mbili na nusu hivi, yaani kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kwenye hesabu zetu za kawaida tunachukulia kwamba upande unaovutwa zege halipo kabisa. Limeshapasuka. Kilichobaki pale ni chuma.

Momenti yenyewe ni neno linalotisha bure. Ni nguvu mara umbali. Chukua ndoo ya maji ya lita kumi, uibebe mkono ukiwa umeshuka ubavuni: utatembea nayo mpaka nyumbani. Sasa inyanyue, mkono umenyooka mbele usawa wa bega. Ndoo ni ile ile, kilo zile zile, lakini baada ya sekunde chache unaiweka chini. Na angalia panapouma: juu ya bega, si kwapani. Misuli ya juu ndiyo inayovuta. Mwili wako wote ni ukuta, mkono ni balkoni, na ile misuli ndiyo nondo. Mwili umeziweka juu bila kwenda chuo.

Katika mambo haya hata wakubwa waliteleza. Galileo, mwaka 1638, alichapisha mchoro wa gogo lililochomekwa ukutani na kuning'inizwa mzigo kwenye ncha, balkoni ya fundi wangu kasoro nondo. Aliona vizuri kwamba gogo litavunjikia ukutani. Lakini alidhani mkato wote, toka juu hadi chini, unavutwa kwa nguvu sawa, na kwamba gogo linazunguka kwenye ukingo wake wa chini kabisa. Hakuona kwamba sehemu ya chini inagandamizwa. Kwa kosa hilo gogo lake la mstatili likatoka na nguvu mara tatu ya ile inayopatikana kwa nadharia tunayofundishwa leo. Ilichukua karibu miaka mia mbili, mpaka mhandisi Mfaransa Navier mwaka 1826, hesabu hiyo kukaa sawa kama tunavyoifundisha sasa. Nikiwa na mwanafunzi aliyekosea kama nilivyokosea mimi, humsimulia hili ili asife moyo.

Nirudi Mbezi, maana mambo hayakuishia kwenye sponji.

Hesabu ya ile balkoni niliifanya usiku ule kwenye daftari, kwa aibu zaidi kuliko kwa bidii. Slabu ya milimita 150 ina uzito wa kilonewton 3.75 kwa mita ya mraba (kilonewton moja ni kama uzito wa kilo mia). Ongeza vigae na plasta, ongeza watu na viti vyao, tuseme jumla ni 8. Kwa upana wa mita moja, momenti pale ukutani ni 8 mara 1.2 mara 1.2, gawa kwa mbili: kilonewton-mita 5.8 hivi. Nikafurahi. Halafu nikakumbuka ule ukuta mfupi wa tofali ambao mwenye nyumba alitaka uzunguke balkoni ili watoto wasianguke. Kilonewton 3 kwa kila mita, si mzigo mkubwa. Lakini umekaa kwenye ncha kabisa, kwa hiyo wote unazidishwa na 1.2 kamili: 3.6. Ukuta wa tofali chache umeongeza momenti kwa zaidi ya asilimia 60. Ungekuwa karibu na mlango usingeongeza karibu chochote. Tangu siku ile, nikiona mtu amepanga mapipa ya maji au madumu ya maua kwenye ukingo wa balkoni, hujikuta nazidisha kichwani.

Kesho yake asubuhi zege likamwagwa. Nondo zilikuwa zimesukwa barabara: za milimita 12, juu, milimita 25 kutoka uso wa slabu, zimeingia ndani ya nyumba mbali kuliko zilivyotoka nje, kama inavyotakiwa, maana uzi usio na fundo nyuma hauvutiki, unachomoka. Chini yake fundi alikuwa amepachika vyuma vilivyokunjwa vya kuziinua. Vilikuwa vichache. Aliomba vingine, akaambiwa vilivyopo vinatosha.

Mashine ya zege ilianza saa mbili. Saidia wakapanga mstari na makarai yao, na njia pekee ya kufika kwenye ncha ya balkoni ilikuwa kukanyaga juu ya nondo. Mtu wa kilo sabini, karai lililojaa kichwani, gambuti miguuni. Anapita, nondo inabonyea, inarudi kidogo. Anapita mwingine, inabonyea, hairudi. Niliyaona haya kwa macho yangu. Nilisimama pale na kofia yangu nyeupe, mwanafunzi wa PT, msimamizi anapiga kelele kwamba zege linaganda, na nikanyamaza. Fundi wangu wa Tanga alikuwa upande wa pili wa nyumba. Nilipopata ujasiri wa kumwita, balkoni ilikuwa imeshajaa na inapigwa rula.

Mirunda ilipotolewa, balkoni haikuanguka. Hicho ndicho kinachowadanganya watu wengi. Ilikaa, na baada ya siku kadhaa pakaonekana mstari mwembamba juu, sambamba na ukuta, kutoka pembe hadi pembe. Mwenye nyumba alisema ni plasta. Fundi aliinama akamwaga maji kutoka kwenye kopo, akatazama maji yanavyonyweka kwenye mstari ule, akasema si plasta.

Iliamuliwa ivunjwe, na kwa hilo nawapa heshima yao, maana ningeweza kutaja wengi ambao wangeipaka rangi. Tulipofukua nondo nikapima: katikati ya balkoni zilikuwa zimelala milimita 80 chini ya uso. Zilitakiwa kuwa 25. Sasa fanya hesabu na mimi. Chuma kinavuta juu, zege linasukuma chini, na kinachoshikilia balkoni ni nguvu hiyo ya chuma mara umbali kati yao. Kutoka katikati ya nondo mpaka uso wa chini palitakiwa pawe milimita 119. Palikuwa 64. Chuma kile kile, zege lile lile, pesa ile ile imelipwa, na uwezo umebaki nusu na kidogo. Makarai yalikuwa yamekanyaga nusu ya pili. Zingekuwa chini kabisa, kama nilivyojibu mimi, umbali huo ungekuwa milimita 31, na sidhani kama pangekuwa na mstari wa kuumwagia maji. Pangekuwa na kifusi.

Mwaka huo huo, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilikuwa limeanguka na kuua watu 36. Tuliorudi chuoni wiki iliyofuata tulikaa darasani kimya, mhadhiri akaandika ubaoni milinganyo mitatu ya usawa kama kawaida: nguvu za mlalo zijumlike sifuri, za wima sifuri, momenti sifuri. Sijui wenzangu walifikiri nini. Mimi niliinakili tu.

Milinganyo hiyo mitatu ndiyo msingi wa vyote na ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote, kwa sababu ni myepesi. Hebu tazama. Una kamba ya kisima, na ndoo mbili unazotaka kuning'iniza. Njia ya kwanza: kila ndoo unaifunga kwenye kamba kwa fundo lake, moja juu, moja chini. Njia ya pili: ya juu unaifunga kwenye kamba, na ya chini unaifunga kwa kipande kingine cha kamba kwenye mpini wa ile ya juu. Pale juu kisimani kamba inabeba ndoo mbili kwa njia zote. Hakuna tofauti. Lakini fundo la ndoo ya juu, kwa njia ya kwanza linabeba ndoo moja, kwa njia ya pili linabeba mbili.

Huko Kansas City, Marekani, katika hoteli ya Hyatt Regency, palikuwa na madaraja ya watembea kwa miguu yaliyoning'inizwa ukumbini kwa vyuma kutoka darini, moja juu ya jingine. Mchoro wa kwanza ulikuwa na chuma kimoja kirefu kinachopita daraja la juu na kufika la chini. Wakati wa ujenzi kikabadilishwa kuwa vyuma viwili vifupi, ili kurahisisha kazi: kimoja kutoka darini hadi daraja la juu, kingine kutoka daraja la juu hadi la chini. Ndoo zikafungwa kwa njia ya pili. Tarehe 17 Julai 1981, watu wakiwa wamejaa ukumbini kwenye dansi, maungio ya daraja la juu yalikatika. Walikufa watu 114. Hesabu ambayo ingeonyesha tatizo hilo haina kalkulasi ndani yake. Ni kuchora kipande kimoja peke yake, kukizungushia mshale wa kila nguvu inayokigusa, na kujumlisha. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza, ilimradi kuna aliyemwambia aichore tena baada ya mabadiliko.

Nilisema nimekulia Unguja. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Mkunazini, Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, chumba kirefu chembamba kama behewa. Kitanda cha samadari kikiwekwa kwa upana, mtu anapita kwa ubavu. Nilimuuliza bibi mara moja kwa nini wenye nyumba matajiri wa zamani walijijengea vyumba vyembamba hivi. Akasema, "Ndivyo ilivyokuwa boriti, mwanangu." Nilidhani ananikwepa. Miaka kumi baadaye, mbele ya mlinganyo wa wL²/8, nikagundua kwamba bibi alikuwa amenijibu kwa ukamilifu.

Dari za nyumba zile zimebebwa na miti ya mikoko. Wakataji wa mikoko wa pwani yetu wana majina yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Neno boriti tunalolitumia leo kwa kila mhimili wa zege au chuma limetoka huko, kwenye mti. Miti hiyo ilipakiwa majahazini mpaka Arabuni na Ghuba, na nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vya upana huo huo, mita mbili na nusu mpaka tatu. Mkoko uliokatwa kando ya maji pwani ya Afrika Mashariki ukaamua upana wa sebule ya mtu Bahrain.

Urefu wa mti unaopatikana ni sababu mojawapo, ndiyo. Lakini chukua boriti ya kipenyo cha sentimita 12, iwe na mita 2.8 kati ya ukuta na ukuta, boriti zimepangwa karibu karibu, na juu yake mawe na chokaa vizito kama ilivyo desturi. Tuseme kila boriti inabeba kilonewton 2.6 kwa mita. Mkazo kwenye uso wake wa chini utatoka kama newton 15 kwa milimita ya mraba, ambao mkoko unaubeba bila jasho. Ukiupa mti huo ugumu, yaani ukaidi wake wa kurefushwa au kupindwa, wa gigapaskali 15, katikati itashuka milimita 14. Hutaiona kwa macho.

Sasa tajiri anataka sebule pana mara mbili, mita 5.6, na tuseme amepata mti mrefu wa unene ule ule. Momenti inafuata urefu mara urefu, kwa hiyo mkazo unakuwa mara nne: 60. Pengine mti haukatiki. Lakini kushuka kwa boriti kunafuata urefu uliozidishwa wenyewe mara nne, kwa hiyo si mara mbili wala nne, ni mara 16. Sentimita 22. Chokaa yote ya dari imeshamwagika mezani, na sakafu ya juu imekuwa sinia. Ndiyo maana mtu aliyetaka ukumbi mpana ilimbidi abadilishe kitu chenyewe, si kurefusha. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya Sultan Barghash, ya mwaka 1883, iliingiza nguzo na mihimili ya chuma ndipo ikapata zile baraza zake pana. (Sehemu yake ilianguka siku ya Krismasi 2020. Nilikuwa nyumbani likizo. Vumbi lake lilikuwa la rangi ya chumba cha bibi. Lakini hayo ni makala nyingine.)

Mafundi seremala hawahitaji kuambiwa hili. Mwangalie anayepiga kenchi: mbao ya mbili kwa sita anaisimamisha, hailazi. Ukimuuliza atasema ikilala inabonyea. Hesabu inasema ikisimama ni ngumu kupinda mara tisa kuliko ikilala, na ina nguvu mara tatu. Mbao ni ile ile na bei ni ile ile, ila nyuzi zake zimesogezwa mbali na lile tabaka la katikati, na ni kule mbali ndiko zinakofanya kazi.

Na mwangalie anayesimamisha mirunda chini ya slabu. Akimaliza kuisimamisha yote anapita tena na miti ya mlalo, anaigongomea katikati ya kimo, huku na huku, na mingine ya mshazari. Mkandarasi mbahili huona huo ni upotevu wa misumari. Lakini mti mrefu mwembamba ukigandamizwa hausubiri kusagika, unachepuka pembeni. Mwanahisabati Euler alishatoa hesabu yake katika karne ya 18: ukiukata urefu unaochepuka kwa nusu, mzigo unaoweza kubebwa kabla ya kuchepuka unakuwa mara nne. Mti mmoja wa mlalo, misumari michache, mara nne. Saiti ikiwa na mirunda isiyofungwa katikati mimi huwa sipiti chini yake, na wanafunzi wangu nawakataza.

Kuhusu ringi, yaani zile nondo nyembamba zinazozunguka boriti, niseme moja tu: zinabanana karibu na nguzo kwa sababu ni huko ambako boriti inataka kukatwa kwa mshazari, na zinaachana katikati kwa sababu katikati kazi hiyo ni ndogo. Ukikuta zimeachana sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, aliyezipanga hakuwa anafikiria mzigo unapoelekea.

Wanafunzi wananiambia siku hizi programu ya kompyuta inachora yenyewe, kwa rangi. Ni kweli, nami naitumia kila siku. Ila kuna mtego. Waingereza wengi huchora mchoro wa momenti upande unaovutwa. Wamarekani wengi huuchora upande unaogandamizwa. Mwanafunzi wetu anasoma kitabu cha huku, anatumia programu ya kule, na tumbo la mchoro linaning'inia upande ambao hakuutarajia. Kama kichwani hana sponji, atafuata rangi. Dawa ninayowapa ni ya kitoto: kabla ya kufungua kompyuta, chora kwa mkono umbo la kitu kikiwa kimepinda, utie chumvi mpaka kichekeshe, kisha weka alama ndogo za nyufa pale unapodhani pataachama. Boriti inayopita juu ya nguzo tatu: nyufa chini katikati ya kila nafasi, nyufa juu kwenye nguzo ya kati. Uzi unapanda na kushuka. Ukishamaliza hapo fungua kompyuta ikupe namba.

Mwaka huu nilikuwa na binti mmoja wa PT, mkimya, mwandishi wa daftari safi kama nilivyokuwa mimi. Siku ya kwanza nikamfanyia sponji. Siku ya tatu tulikuwa tunakagua nondo za slabu kabla ya kumwaga, amechuchumaa anahesabu biskuti, zile za kuinulia nondo kutoka kwenye mbao, akanyanyua kichwa.

"Mwalimu, na ngazi je?"

"Ngazi imefanya nini?"

"Pale inapofika juu, inapojikunja kuwa tambarare. Nondo za chini zimefuata kona, zimekunjwa nayo. Lakini chini ndiko kunakovutwa. Uzi ukivutwa si unanyooka?"

Sikumjibu. Tuliacha slabu, tukaenda mpaka chini ya ngazi, tukapiga magoti kwenye vumbi la mbao na kumulika kwa simu. Nondo nane, zote zimekunjwa kwa ustadi, zimeizunguka kona kwa ndani kama zilivyochorwa na mtu aliyekuwa na haraka. Siku mzigo utakapokuja zingetaka kunyooka, na katika kunyooka zingelisukuma zege la chini litoke. Zilitakiwa zipite moja kwa moja, zivuke mpaka upande wa juu wa kipande cha pili, na nyingine zitoke kule zivuke huku, zipishane.

Nilimwangalia yule binti. Alikuwa bado ameshika biskuti moja mkononi.

Nikamwita fundi. Alikuwa amekaa na kikombe cha chai na vitumbua viwili juu ya gazeti. Akaja, akachungulia, akavuta pumzi ndefu, akarudi kukifunika kikombe chake kwa kile kigazeti na kwenda kutafuta kifaa cha kukunjia nondo.